"Usijali, mzigo una bima": kabla hujalipa, uliza chombo kimekaguliwa lini

Leo mnivumilie, andiko ni refu kidogo, ila linahusu hela zenu. Wengi wetu humu tunauza WhatsApp na Instagram, mzigo unatoka Kariakoo au unatoka Guangzhou, na ukimuuliza wakala kuhusu usalama anakujibu maneno manne tu: "Usijali, mzigo una bima." Na mimi niliambiwa hivyo hivyo Mei 2024. Nikachoma zaidi ya milioni mbili.

Kwa wasionijua, nina duka Rutamba, huku Lindi, ndani kabisa, bahari hatuioni. Nauza madera, vijora, mashuka na vikorokoro vya simu. Dukani nauza kidogo, zaidi ni mtandaoni, wateja wa Lindi mjini, Mtama, Nachingwea mpaka Kilwa. Nimeishia kidato cha nne na bima sijasomea popote. Haya nayoandika nimeyapata kwa kuumia, kwa kuuliza watu, na kwa kusoma mkataba wa bima mstari kwa mstari nikiwa na kalamu mkononi. Inachosha, lakini inafundisha.

Mnakikumbuka Kimbunga Hidaya. Mwanzoni mwa Mei 2024 kilipiga pwani yetu, mvua ikamwagika, barabara ya Dar kuja Kusini ikakatika kule Somanga na sehemu nyingine za Kilwa. Magari yakalala njiani. Njia iliyobaki ni kuzunguka Songea, Tunduru, Masasi, na nauli ya kuzunguka huko inakula faida yote na mtaji inaulamba. Mimi nilikuwa na mabelo matano Dar. Wateja walishatanguliza nusu ya hela, na Idi kubwa ilikuwa katikati ya Juni. Wakala akanipigia: kuna chombo cha mbao kina injini, kinashuka Lindi, kinapakia kesho. Nikamuuliza, je kikipata tatizo? Ndiyo nikapewa yale maneno manne. Juu ya nauli akaongeza shilingi 25,000, eti ya bima.

Chombo hakikuzama. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia bima ya bahari wanawaza kuzama tu. Kilifika Lindi kimechelewa siku mbili, mabaharia wote wazima, alhamdulillahi. Ila mabelo yangu matatu yaliyokaa chini kabisa yalikuwa yamekunywa maji ya chumvi. Dera likilowa maji ya bahari halafu likakaa siku kadhaa limebanwa ndani ya nailoni, ukilifungua lina madoa meusi ya ukungu na harufu isiyotoka hata ufue mara tano. Chaja na waya za simu ndiyo usiseme, zote zimeota kutu ya kijani. Nilipiga hesabu kwa bei ya kununulia: 2,340,000. Hapo sijaweka hela za wateja nilizotakiwa kurudisha.

Nikaomba karatasi ya bima. Siku tatu simu haipokelewi. Ya nne nikatumiwa picha. Kweli ilikuwa bima, sikatai, lakini ilikuwa ya mwenye chombo, inahusu madai ya watu wengine dhidi yake, na imeandikwa wazi kabisa kuwa mizigo iliyobebwa haimo. Jina langu halipo, belo langu halipo. Ile 25,000 iliishia mfukoni mwa mtu.

Sasa hapo ndipo nilipoanza kujifunza. Kwanza kabisa, "bima" siyo kitu kimoja. Kuna bima ya chombo chenyewe, yaani mbao, chuma na injini. Kuna bima ya dhima ya mwenye chombo, akimuumiza mtu au akiharibu mali ya watu. Na kuna bima ya mzigo, ambayo ni yako wewe mwenye mali. Mwenye chombo anaweza kuwa na mbili za kwanza zote, zimelipiwa, halali kabisa, na wewe ukabaki mikono mitupu. Kwa hiyo wakala akisema mzigo una bima, muulize: bima ya nani, na cheti kimeandika mali ya nani?

Hilo ni jepesi. Lililonifungua macho zaidi ni la pili, kwamba bima yoyote ya bahari imesimama juu ya hali ya chombo. Hilo sikufundishwa na mtu wa bima, nilifundishwa na mjomba wangu wa Kilwa Kivinje, ambaye ujana wake wote ameumalizia baharini.

Nilimfuata kumlilia shida. "Shikamoo mjomba." Akaniitikia, "Marahaba mpwa wangu. Nimesikia umeoga bahari ukiwa nchi kavu." Akacheka, kisha akauliza swali moja tu: "Hicho chombo kilikuwa kazini au kilikuwa kimepandishwa pwani?" Nikasema mjomba mimi najuaje. Akapiga simu mbili, kwa watu wake wa Dar, akapata jibu. Kilikuwa kimekaa juu ya mchanga miezi kadhaa. Barabara ilipokatika nauli za baharini zikapanda, mwenyewe akakisukuma majini haraka haraka, kesho yake kikapakia.

Mjomba akanieleza kwa nini hilo lilitosha kuniharibia mzigo. Chombo cha mbao kina mianya kati ya ubao na ubao. Mafundi wanaiziba kwa kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta, wanaishindilia kwa patasi na nyundo, halafu chini kinapakwa mafuta na chokaa. Chombo kikikaa juani muda mrefu mbao zinakauka na kusinyaa, pamba inalegea, mianya inafunguka. Ukikirudisha majini lazima kwanza kikae, mbao zinywe maji zivimbe, watu washuke ngamani, kule chini kabisa maji yanakokusanyika, waangalie yanaingia kiasi gani na yanaingilia wapi. Panapovuja panapigwa kalafati upya. Ikitulia ndiyo unapakia. Wetu hawakusubiri. Na Mei kusi limeshaanza kuvuma, ukitoka Dar kuja Lindi unakwenda upepo uko usoni, omo inapiga mawimbi usiku kucha, mbao zinacheza, mianya inazidi. Pampu ilifanya kazi, ndiyo maana hawakuzama. Lakini mzigo wa chini ulikuwa unaelea kwenye supu.

Angalieni hapo, jamani. Njia ya barabara ikifungwa, siyo vyombo vizuri peke yake vinavyoongezeka. Hata vile vilivyokuwa vimestaafu vinarudishwa kazini, kwa sababu hela ipo. Siku unayokihitaji chombo zaidi ndiyo siku ambayo kuna hatari zaidi ya kupewa kibovu.

Mjomba akanipeleka pwani maji yalipotoka, kulikuwa na vyombo viwili vimelala ubavu. Akachukua nyundo ndogo akawa anagonga ubao mmoja mmoja. Ubao mzima unalia kavu. Ubao uliooza ndani unatoa sauti ya kufa, kama unagonga papai. Akachoma ncha ya kisu karibu na mkuku, kule chini, kuangalia kama wadudu wa baharini wameshatoboa. Akanionyesha misumari: ukiona mchirizi wa kutu unashuka chini ya kichwa cha msumari, ujue maji yameshafika ndani ya ubao. Halafu akamuuliza kijana aliyekuwa analinda chombo, kwa sauti ya utani tu, "Mkiwa safarini mnafua maji mara ngapi kwa siku?" Kijana akajibu bila kufikiri, "Asubuhi na jioni." Mjomba akaniambia huyo amesema kweli, chombo cha mbao kisichoingiza maji kabisa hakipo. Angesema saa hadi saa, usipakie. Angesema hatufui kabisa, usipakie vile vile, maana huyo ni muongo.

Nilirudi Rutamba nikaanza kusoma habari za meli kubwa, nikakuta ni nyundo ile ile ya mjomba, imebadilika umbo tu.

Meli ya chuma nayo inagongwa. Mkaguzi anakuja na kifaa kidogo kinachopeleka sauti ndani ya bati la meli na kusikiliza inavyorudi, kinamwambia bati lina unene wa milimita ngapi. Analinganisha na unene wa siku meli ilipojengwa. Chumvi inakula chuma, bati likipungua kupita kiasi kilichowekwa linakatwa na kubandikwa jipya. Sisi wenye mizigo tujali zaidi mifuniko ya mashimo ya mzigo, ile milango mikubwa ya juu. Mipira yake ikichoka maji ya mawimbi yanaingia kwa juu, na wewe utaletewa nguo zenye ukungu kama zangu. Mkaguzi anaipima kwa kuipiga maji ya mpira wenye nguvu au kwa kifaa cha sauti: kinawekwa ndani, yeye anapita nje akisikiliza wapi sauti inavuja. Panapovuja sauti, maji nayo yatapita. Anawasha pampu za kutoa maji, pampu ya zima moto, jenereta ya dharura. Anaangalia injini, nanga, maboya na boti za kuokolea. Anasoma makaratasi. Na kama mjomba, anaongea na mabaharia, anawasikiliza wanavyojibu.

Mkaguzi huyu anatumwa na nani? Hapa watu wanachanganya. Serikali ina ukaguzi wake. Kwetu Bara ni TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli, lililochukua kazi ya majini kutoka SUMATRA, na Zanzibar wana mamlaka yao. Hao wanaangalia usalama na sheria, na bandarini wanaweza kupanda hata meli ya kigeni na kuizuia isiondoke. Kuna vyama vya kupanga meli madaraja, ambavyo vinaifuatilia meli tangu inajengwa, na kila baada ya miaka mitano inafanyiwa ukaguzi mkubwa. Halafu kuna ukaguzi wa hali ya meli unaotakiwa na kampuni ya bima yenyewe. Huu unakuja meli ikiwa imezeeka, au imebadilisha mwenyewe, au imekaa muda mrefu bila kazi (mnakumbuka chombo changu), au imepata madai mengi, au imezuiwa bandari fulani. Bima wanasema: hatukuandikii, au hatuendelei na wewe, mpaka mtu wetu aione.

Ripoti ikitoka haisemi tu nzuri au mbaya. Inaorodhesha kasoro. Hii irekebishwe kabla meli haijang'oa nanga, hii upewe siku 30, hii ngojea matengenezo yajayo. Mwenye meli asipotimiza, bima inaweza kusimama au ikalipa pungufu au isilipe kabisa. Ndiyo njia yao ya kupunguza hatari: hawakai kusubiri ajali, wanamlazimisha mtu atengeneze kabla. Na mwenye meli anatengeneza siyo kwa kuwa ana huruma na madera yangu. Bila bima hapati mkopo wala mizigo, na bandari nyingi hazimpokei.

Utaratibu huu waliuanzisha wafanyabiashara, tena kwenye mgahawa. Mwishoni mwa miaka ya 1600 huko London kulikuwa na muuza kahawa anaitwa Edward Lloyd. Kwake walikuwa wanakutana manahodha, wenye mizigo na watu wenye hela wa kubeba hatari za safari. Tatizo lao lilikuwa kama letu: mtu anakwambia chombo changu kizuri, utajuaje? Mwaka 1760 wakaunda chama cha kuweka daftari la meli, wakaguzi wanazitembelea na kuzipa alama, herufi kwa ajili ya mwili wa meli na alama nyingine kwa vifaa vyake. Meli bora ikaja kuandikwa A1. Daftari hilo likawa Lloyd's Register, na lipo mpaka leo. Yaani ni kama sisi tungekaa kwenye kijiwe cha kahawa Lindi tukawa tunaandika kila chombo: hiki pakia, hiki achana nacho. Mbona tunaweza.

Turudi kwenye karatasi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1906 ya bima ya bahari, ambayo mikataba mingi duniani bado inaiegemea, imelipa uzito mkubwa suala la chombo kufaa kwa safari. Kwenye mikataba ya mzigo inayotumika sana leo wewe mwenye mzigo umepewa nafuu: chombo kikiwa kibovu na wewe hukujua wakati wa kupakia, ubovu huo peke yake haukunyimi malipo. Lakini kama ulijua ukapakia, imekula kwako. Kwa hiyo ule ujumbe wa WhatsApp wa "najua kinavuja boss we pakia tu, Idi imefika" ni ushahidi wa kujimaliza mwenyewe.

Kuna mdau mmoja nilimsimulia hili akaniambia basi bora nisiulize kabisa, nikae kama sijui. Hapana. Mahakama zimeshaamua zamani kwamba kufumba macho makusudi, unashuku halafu hutaki kuuliza ili usijue, ni sawa na kujua. Na hata ukilipwa, utalipwa baada ya miezi. Mteja wa Idi anataka dera la Idi.

Jambo lingine lililonishtua. Bima ya mzigo inauzwa kwa ngazi tatu, zinaitwa A, B na C. Watu tunakimbilia C kwa sababu ni rahisi. C inalipa mambo makubwa kama moto, chombo kuzama, kupanda mwamba, kugongana, mzigo kutupwa baharini kuokoa chombo. Maji ya bahari kuingia tu kwenye shimo la mzigo, kama yaliyonikuta mimi, hayamo kwenye C! Yamo kwenye B. Nilipousoma mstari huo nilifunga simu nikatoka nje kupunga upepo. Yaani hata kama wakala angekuwa mkweli akanikatia ya bei rahisi, nisingepata senti. A ndiyo pana zaidi, inabeba upotevu na uharibifu wa ghafla wa kila aina isipokuwa vile vilivyotajwa kuwa haviguswi. Na hivyo visivyoguswa visomeni, vipo kwenye ngazi zote tatu: ufungaji mbovu, kuchelewa hata kama kumesababishwa na ajali, na vitu kuharibika kwa asili yake. Ukifunga chaja kwenye boksi la sabuni ukategemea bima, umejidanganya.

Umri wa meli nao unaingia kwenye bei yako. Kwa masharti yanayotumika sana, bei ya kawaida inakwenda kwa meli iliyopangwa daraja na chama kinachotambulika. Meli ya kawaida ikivuka miaka 15 mwenye mzigo anatakiwa kutoa taarifa na kuongeza ada, ingawa meli za ratiba na za kontena zimepewa miaka zaidi. Wakala anayekupa nauli ya kutupa, siku nyingine sababu ni umri wa meli.

Wanaochangia kontena kutoka China, msijione mko salama kwa kuwa meli ni kubwa kama mtaa. Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama Mfereji wa Suez kuanzia tarehe 23, siku sita, ina makontena zaidi ya elfu kumi na nane. Mizigo haikulowa. Lakini mwenye meli alitangaza hasara ya kuchangia, utaratibu wa zamani sana baharini: gharama ya kuokoa safari inagawanywa kwa wote wenye mali ndani yake kwa kadiri ya thamani ya mali. Mwenye bima, kampuni yake inaweka dhamana, yeye anasubiri mzigo. Asiye na bima anaambiwa aweke hela taslimu kwanza ndiyo atoe mzigo wake. Fikiria umeagiza vitu vya milioni tatu halafu unaambiwa hivyo. Na kumbuka kwa hapa kwetu tangu Januari 2018 TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ilitaka waagizaji wakate bima ya mzigo kwa kampuni zilizosajiliwa nchini. Hiyo ni faida kwako, maana ukidai unadai ofisi iliyopo Dar, siyo barua pepe ya mtu asiyejulikana. Cheti ukipewa kihakiki kwenye mfumo wa TIRA kabla hujalala.

Nisiwadanganye lakini kwamba ukaguzi unamaliza kila kitu. Ripoti ni picha ya siku ile. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na gati la Ukara, Ziwa Victoria, tukapoteza zaidi ya watu 220. Kivuko hicho miezi michache nyuma kilikuwa kimefanyiwa matengenezo ya injini. Uwezo wake ulikuwa watu 101, na siku ile ilikuwa ya gulio. Spice Islander nayo, Septemba 2011, njia ya Unguja kwenda Pemba, ilijazwa kupita uwezo wake. Injini mpya haikuokoi kama kesho yake chombo kinajazwa mara mbili. Mwarabaini wa hilo ulipatikana zamani. Mbunge wa Uingereza Samuel Plimsoll alipambana mpaka sheria ya mwaka 1876 ikalazimisha meli zichorwe alama ubavuni ya mwisho wa kuzama kwa mzigo. Ile duara yenye mstari katikati mnayoiona kwenye meli bandarini ndiyo hiyo. Alama ikiwa chini ya maji, huhitaji kuwa mkaguzi.

Sasa mimi nafanyaje siku hizi. Kwa mzigo wa China namuomba wakala jina la meli na namba yake ya IMO, tarakimu saba, haibadiliki hata meli ikibadilishwa jina. Nakwenda kwenye tovuti ya Equasis, kujisajili ni bure, naangalia meli imejengwa mwaka gani, iko kwenye daraja la chama gani, imekaguliwa bandari zipi na kama imewahi kuzuiwa. Dakika kumi. Ikiwa imezuiwa mara kwa mara miaka ya karibuni naomba meli nyingine au nasubiri. Bima nakata kwa jina langu, na thamani naandika bei ya kununulia pamoja na nauli, naongeza asilimia 10, ndivyo inavyozoeleka, ili nikilipwa nisibaki na shimo. Mara ya mwisho ada ya A haikufika bei ya madera matatu.

Kwa chombo cha mbao nilikwenda kwa wakala wa bima Lindi mjini nikamuuliza kama wanaandika. Akasema kampuni yake haipokei mzigo wa chombo cha mbao bila ripoti ya ukaguzi na vyeti vilivyo hai. Zamani ningeona ananisumbua. Siku hiyo nilimuelewa.

Kwa hiyo nikilazimika kutumia chombo nauliza kilishushwa majini lini, kimefanya safari ngapi tangu hapo, kalafati ilipigwa lini, pampu ziko ngapi na ya mkono ipo. Naomba picha ya cheti yenye tarehe. Naomba video ya ngama kabla ya kupakia, siyo ya omo iliyopakwa rangi. Mabelo nayafunga nailoni mbili, kila dazeni na mfuko wake, na nalipia zaidi yasikae sakafuni, yawekwe juu ya mbao. Mzigo ukifika, kabla ya kusaini kupokea, nafungua na kupiga picha pale pale, na kama umelowa naandika kwenye karatasi ya kupokelea kwamba umelowa. Ukisaini "umepokea salama" halafu ukaugundua nyumbani, umewapa silaha.

Mwezi uliopita nilikuwa na mabelo mawili ya kushusha Lindi kwa njia ya maji. Wakala wa kwanza nilimuuliza kilishushwa lini, akaniuliza mimi ni polisi au mfanyabiashara, akakata simu. Wa pili akasema ngoja. Baada ya saa moja akanitumia video ya dakika mbili, nahodha mwenyewe kashika tochi ngamani, maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu, anasema, "Haya ya tangu asubuhi, dada, tutayatoa kabla ya kupakia." Nikamtumia mjomba. Akanijibu kwa sauti: "Mpe mzigo huyo."

Mabelo yalifika makavu. Vijora vya bluu vimebaki sita.